Mabamba Yaliyolala Juu ya Moto

Mwaka ule wa 1984 nyumba yangu haikuwa na kiti kilicholala bure. Nilikuwa ninauza samaki wa moshi, na lutuku kidogo, pombe yetu kali, kwa wale waliojua kuomba vizuri, mutaani kwetu nyuma ya kiwanja cha ndege cha Kalemie. Muntu anayekuja kula samaki anakuja pia na habari: nani amefukuza bibi, nani amepata barua toka Kigoma, nani ameonekana akitoka mulango ambao si wake. Mimi nilizipokea zote na nilizitoa zote. Kama ulitaka kujua nyumba gani ina bamba la kiwanja na inalifanyia kazi gani, hukuwa na haja ya kwenda biro ya serikali. Ungekaa kwangu nusu saa tu.

Karibu kila nyumba ilikuwa nalo. Mabamba marefu ya chuma, upana kama mukono wa muntu toka kiwiko mpaka vidole, yenye matundu ya duara mistari mitatu, na kulabu pembeni za kushikana moja na lingine. Germain alizungushia nguruwe wake. Wengine waliweka juu ya mufereji wapite bila kulowa, wengine chini ya muguu kwenye fasi ya kuoga. Sisi wenye kukausha samaki tuliona mara moja kwamba Mungu mwenyewe aliyatoboa kwa ajili yetu: moshi unapita, samaki haanguki. Mimi nilikuwa na mawili.

Kiwanja chetu ni mutoto wa vita, hakikujengwa kwa ajili ya wasafiri. Wazee walisema ndege za kwanza kabisa hazikutua hata kwenye nchi kavu. Zilitua juu ya maji ya ziwa, wakati wa vita ya Wabelgi na Wadachi wa Ujerumani, zikivuka kwenda kutupa mabomu Kigoma. Hizo sikuziona. Za 1965 niliziona. Muji wetu ungali unaitwa Albertville, waasi walikuwa milimani upande wa Fizi, na kila asubuhi ndege zenye mabomu chini ya mabawa ziliruka zikafuata ukingo wa ziwa kwenda kaskazini. Marubani walisema Kihispania kati yao na walipenda samaki wa mukebuka wa kukaanga. Sisi tulikuwa tunahesabu: zimekwenda nne, zimerudi nne. Mizigo yao ilibaki kwa nani, hatukuuliza. Na wengi kati yetu tulikuwa na ndugu kule.

Mwisho wa kiwanja, fasi ndege zilipogeukia, palikuwa udongo laini, na mvua ikinyesha panakuwa uji. Njo pale waliweka yale mabamba. Kapita, musimamizi wa kazi ile, alikuwa Papa Apollinaire. Katika vitambulisho vya Zaire jina lake lilikuwa Kalenga peke yake, maana majina ya kanisa yalikuwa yamekatazwa, lakini kwetu alibaki Papa Apollinaire. Alijifunza kuyafunga mabamba na kuyafungua. Ukipiga nyundo upande mubaya hata siku nzima, hayaachani. Vita ilipokwisha, wenye ndege walikwenda na ndege zao. Mabamba yakabaki, majani yakaota ndani ya matundu. Hakuna mukubwa aliyekuja kuyauliza mwaka wa kwanza, wala wa tano.

Halafu mvua moja ilikata njia ya kwenda kwa wazazishaji, na wanawake wenye matumbo wakawa wanabebwa mugongoni kuvuka. Papa Apollinaire akaenda na nyundo yake, akafungua mabamba manne, akatengeneza daraja. Baada ya hapo watu wakaanza kumuomba, mumoja mumoja. Hakukataa muntu, na hakuchukua kitu. Alisema chuma kimelala na watoto wanazama kwenye matope, sasa nani mwenye akili kati yetu? Bamba langu la kwanza alinipa yeye. La pili niliachiwa na mujane mumoja aliyehamia Kirungu.

Hivyo njo tulivyoishi mpaka matata ya Moba.

Mwezi wa kumi na moja tulisikia waasi wameingia Moba, kusini kwetu ukingoni mwa ziwa, kisha tukasikia wametolewa. Mitumbwi ilifika toka upande wa Zongwe na watu waliobeba godoro na kuku. Halafu ndege zikaanza kushuka. Askari waliojaa kiwanja walisema Kilingala, hawakujua ziwa wala kuoga ziwani, na walimutazama kila kijana kama muntu aliyeshuka milimani jana. Ndege moja ya tumbo kubwa iligeuka kule mwisho, ikazama mipira yote ya magurudumu hadi chuma cha katikati. Siku moja na nusu waliivuta kwa trakta, wafungwa wakisukuma.

Komanda wao alikuwa muntu mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na karatasi ya zamani ya kiwanja, na juu ya karatasi mabamba yalichorwa. Aliuliza yako wapi. Ilimuchukua muda wa kutembea mutaa mumoja kupata jibu.

Mupiga kengele akapita: mabamba yote yarudi kabla ya Jumamosi saa kumi. Nyumba itakayokutwa na bamba baada ya hapo ni nyumba ya waasi. Na aliyeharibu bamba ameharibu silaha ya serikali. Hatukuelewa vizuri maana ya kuharibu, mpaka walipokuta kwa Germain bamba lililokatwa mara mbili kwa ajili ya mulango wa nguruwe. Walimupiga mbele ya nguruwe wake mpaka akashindwa kusema jina lake.

Papa Apollinaire hakungoja kutajwa. Alivaa koti lake la misa, akamuaga bibi yake wa ndoa, Mama Émérence, akaenda mwenyewe kiwanjani kusema kwamba aliyefungua mabamba ni yeye, watu walipewa tu. Sisi kwangu tulikuwa tunamulilia tayari. Akarudi kabla ya chakula cha mchana. Komanda hakumufunga. Alimuambia kwamba Jumatatu inashuka ndege nzito yenye risasi na maboksi ya mabomu, na yeye Kalenga atayafunga tena mabamba kama yalivyokuwa. Yakibeba, ameoga, hana kosa tena. Yasipobeba, atajibu yeye peke yake, kwa sababu amejitaja peke yake.

Hapo njo tulifanya kosa letu. Ninalisema letu, lakini wazo lilitoka kwangu.

Kwetu chombo cha wenyewe hakirudi kichafu. Sufuria uliyoazima inarudi imesuguliwa, na ndani umetia kitu, hata kama ni unga wa mukono mumoja. Sasa haya mabamba ni ya serikali yenye bunduki. Niliwaambia wanawake: tukirudisha vyuma vyeusi vyenye harufu ya samaki, watatufanya kama Germain. Tuvisugue. Ijumaa mutaa mzima ulikuwa unasugua, kwa muchanga, kwa majivu, kwa mabua ya ndizi. Mama Odile, jirani yangu ambaye hajawahi kukubali kushindwa na mimi kwa kitu chochote, alipaka la kwake mafuta ya mawese mwishoni ling'ae. Mimi nikapaka yangu mara mbili.

Jumamosi tukaenda, wawili wawili, bamba kichwani, kitambaa chini ya bamba, kama watu wanaopeleka mahari. Wengine waliweka juu ya bamba unga au samaki wadogo wa ndakala kwa ajili ya askari, na askari walicheka wakachukua. Komanda alipita kati ya mistari, akagusa chuma, akatazama kidole chake: safi. Alisema kwa Kifaransa kitu ambacho kilikuwa sifa.

Papa Apollinaire alikuwa nyuma yake. Nilimutazama nikingoja na yeye afurahi. Alikuwa amefungua mudomo kidogo, kama muntu anayesikia habari ya kifo.

Jumapili baada ya misa akaja kwangu. Nyumba ilikuwa imejaa hadi uani, maana siku za hofu watu wanapenda kukaa karibu. Walimupa kiti, nikamuletea samaki, hakumugusa. Alisema hivi, polepole:

"Mama Hortense, na ninyi wote. Chuma kilicholala juu ya moto miaka na miaka hakina nguvu tena. Kinaonekana kizima, lakini ndani kimekuwa laini. Mupira wa ndege ukikanyaga, kinakunjika. Nilikuwa ninategemea masizi yanionyeshe. Sasa mumeyatoa."

Akaeleza kwamba si lazima mabamba yote yawe mazima. Ndege inapita kwenye njia yake, mupira wa kushoto huku, wa kulia huku, mudogo wa mbele katikati. Yale ya moto angeyaweka pembeni fasi hakuna kitakachokanyaga, yale ya mifereji na ya nguruwe angeyaweka njiani. Komanda angeona fasi imejaa mabamba, basi. Alichohitaji ni kujua yapi ni yapi. Kila muntu analijua la kwake: lina alama, lina waya, lina kona iliyopinda. Muniambie tu, alisema, na mimi sitataja jina la muntu.

Nyumba yangu haijawahi kunyamaza namna ile. Unajua kuna kunyamaza kwa misa na kuna kunyamaza kwa wezi. Kila muntu alikuwa anamuona Germain na uso wake uliovimba. Na mlangoni palikuwa na vijana wawili ambao hatukuwa na hakika kama ni wa mutaa au wa kiwanja.

Mama Odile akawa wa kwanza. Akasema la kwake lilikuwa la mufereji. Mwingine akasema la fasi ya kuoga. La kuoga, la mufereji, la kuku, la mufereji: ungesikiliza ungesema mutaa wetu hauna muntu mumoja anayekausha samaki, na huku moshi umetutoa machozi miaka yote. Papa Apollinaire aliitikia kwa kila mumoja. Kisha akanigeukia. Alikuwa amekula samaki wa moto wangu toka bamba alilonipa yeye mwenyewe, mara ngapi sijui, na sahani iliyokuwa mbele yake ilitoka pale pale.

"Na la kwako, Mama?"

Nikasema nilikuwa ninafulia nguo juu yake.

Akasema, sawa Mama. Akasimama, akaomba njia, akaenda.

Sitawadanganya kwamba nililia. Nilikasirika. Nilijiambia, muzee gani huyu anakuja kuuliza maneno kama yale mbele ya watu, si angeuliza pembeni? Lakini asubuhi niliamka na ule mudomo wake unaofunguka kidogo ulikuwa mbele ya macho yangu. Nikamuamsha Mama Odile kwa kugonga ukuta. Nikamuambia: mimi ninakwenda kusema, na wewe unakuja, maana ukibaki nitasema na la kwako. Alinitukana mama yangu na mama wa mama yangu, akavaa kikwembe, tukaenda.

Tulimukuta amekwisha kufunga nusu, na wafungwa sita wakimusaidia. Tulitaka kumuita kando, lakini kiwanjani hakuna kando. Askari wakatuleta mbele ya komanda, na mbele yake ikabidi tuseme: yako mabamba yaliyokaa juu ya moto, tumekuja kumuonyesha kapita.

Komanda hakupiga kelele. Alimuuliza Papa Apollinaire kama ni kweli chuma cha moto hakifai. Akajibu ni kweli. Alimuuliza kwa nini hakusema Jumamosi. Papa Apollinaire akatazama chini, kwenye mabamba, akasema hakuwa na hakika. Komanda akaagiza majina yetu yaandikwe. Mama Odile akaonyesha la kwake, linajulikana kwa mawese tu. Adhabu yake ikawa kukata majani ya kiwanja mwezi mzima. Aliyekuwa anaandika alikuwa kijana mwenye meno mazuri, akaniuliza kwa kucheka, akiniita mwananchi kwa Kifaransa:

"Na wewe citoyenne, mangapi? Moja ni ya jikoni. Mawili njo biashara, na biashara ya silaha tunaijua dawa yake."

Papa Apollinaire alikuwa amesimama hatua mbili toka kwangu, nyundo mukononi. Aliniuliza kwa sauti ya mutaani kwetu, si ya kiwanja:

"Ni moja tu, Mama Hortense?"

Nilikuwa nimekwisha kuliona la pili. Lilikuwa limefungwa tayari, la tatu toka ukingo, kwenye njia ya mupira wa kushoto. Lilikuwa zuri kuliko yote kwa kung'aa.

"Moja," nikasema.

Nikamuonyesha lile la kwanza. Wakalihamisha pembeni, pamoja na la Mama Odile. Wanawake wengine hawakuja. Papa Apollinaire alichukua mabamba mengine matano kwa kukisia tu, kwa kuyapigapiga na kuyasikiliza, akayatoa njiani. Lile la kwangu la pili alilipita. Labda aliona ameniuliza na nimejibu.

Komanda alisema sisi wawili tusirudi nyumbani. Tungojee pale, hatua kumi toka mabambani, tuone kazi yetu. Tulikaa chini kwenye majani yenye maji, mimi na Mama Odile, na alikuwa ananiambia afadhali tumesema, sasa roho imepoa. Nilikuwa ninaitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye bamba la tatu. Nilijiambia bamba moja ni nini kati ya mia na zaidi. Nilijiambia mupira utapita kushoto kidogo. Nilijiambia nisimame sasa niseme. Na kila nilipojiambia hivyo nilimuona yule kijana mwenye meno mazuri.

Ndege ilitokea juu ya ziwa karibu na saa sita. Ilishuka, ikakimbia kiwanja chote na kelele yake, ikapunguza, ikaja kugeuka. Mupira wa mbele ukapanda juu ya mabamba, yakalia kama sahani kabatini, yakabeba. Mama Odile akanishika mukono. Mupira wa kushoto ukapanda bamba la kwanza, ukapanda la pili. La tatu halikulia. Lilishuka tu, polepole, kama godoro muntu anapokaa, na mupira ukashuka nalo, na majirani yake yakaachana kulabu. Ndege ikainama. Bawa la kushoto likateremka mpaka shubiri mbili toka chini, watu wote wakakimbia isipokuwa Papa Apollinaire. Likasimama pale. Halikugusa.

Hakuna kilicholipuka, hakuna aliyekufa. Kama ungekuwa wakati wa amani tungecheka. Walipakua maboksi kwa mukono, wakaivuta ndege kwa trakta, na ilipokuwa tayari kuruka tena, jioni jua lingaliko, walimupandisha Papa Apollinaire ndani, koti lake mukononi. Sisi wawili walitufukuza turudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia ndege inakwenda wapi.

Siku ya pili nyumba yangu ilijaa kuliko siku zote. Kila muntu alikuwa na lake. Na unajua neno likikaa katika nyumba iliyojaa linatafuta fasi ya kulala: kabla ya saa nne lilikuwa limelala juu ya Germain. Walisema ni la Germain lile bamba, alilifanya makusudi, ana hasira na kipigo. Muntu mumoja alisema alimuona akilipasha moto. Mwingine akaongeza makaa. Nilikuwa ninapakua samaki na nilisikia jinsi inavyotengenezwa, kipande kwa kipande, kama nilivyotengeneza mimi nyingi maishani mwangu. Nilijua pia kwamba maneno yanayosemwa kwangu yanafika kiwanjani kabla ya sahani kukauka.

Mama Émérence akaingia. Watu wakamupisha. Hakukaa. Alikuwa amevaa viatu vyake vya misa, na alinitazama mimi peke yangu.

"Hortense, wewe unajua kila nyumba ya mutaa huu. Lilikuwa la nani?"

Wote wakanigeukia, wakingoja nitaje jina, na wengine walikuwa wamekwisha kutingisha kichwa kwa ajili ya Germain. Ningeweza. Mudomo ulikuwa umezoea.

"Langu," nikasema. "Nilikuwa na mawili. Aliniuliza, nikasema moja."

Sijui nilingoja nini. Labda kofi. Mama Odile alitoa mukono wake toka begani pangu, alikuwa ameuweka toka asubuhi. Mama Émérence akatazama miguu yangu.

"Basi vaa viatu," akasema. "Utakwenda kumuambia komanda vile ulivyoniambia mimi. Na utamuuliza wamemupeleka wapi. Mimi nitasimama karibu yako nisikie."

Nilivaa. Tulipotoka, hakuna aliyetufuata, na nyuma yetu nilisikia viti vinaanza kusogezwa, mumoja mumoja wanaaga nyumba isiyokuwa na mwenyewe. Njia ya kiwanjani si ndefu. Tulivuka mufereji kwa miguu, kwa sababu bamba lake lilikuwa limerudishwa, maji yakafika magotini, na Mama Émérence akavua viatu vyake vya misa akavibeba. Kwenye kizuizi alikuwa amekaa yule kijana mwenye meno mazuri. Alinitambua. Akauliza tunataka nini.

Nikasogea mbele ya Mama Émérence, nikaanza kusema.